Kiswahili cha Keya
Utotoni mwangu Mombasa tulikuwa tukimcheka bawabu mmoja wa mtaani, mzee wa bara, kwa Kiswahili chake kisicho ngeli. "Hicho Kikeya," wakubwa wakisema.

Keya ni K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1902. Humo Myao, Mkamba na Mnandi walielewana kwa Kiswahili, na afisa wa Kizungu naye ilimpasa ajifunze. Mwaka 1944 kilisikika hata katika misitu ya Burma. Wengi hawakurudi, waliorudi walikipeleka vijiji tusivyofika sisi wenyewe. Baada ya uhuru wa 1963, vikosi vya Keya vya hapa vikawa Kenya Rifles.

Mzee yule ameshatangulia mbele ya haki. Ngeli alizikosa, lakini lugha yetu aliibeba begani pamoja na bunduki. Nasi tukamcheka.