Kichupa Kilichosahaulika Dirishani

Saa mbili asubuhi mama mjamzito anakabidhi kichupa cha mkojo kliniki. Foleni ni ndefu, mpeleka sampuli hajafika, na kichupa kinawekwa dirishani pamoja na vingine. Kinafika maabara saa tisa alasiri. Kwa macho hakuna kilichobadilika: mkojo ni ule ule, jina ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi ya wakazi wake.

Bakteria hawahitaji dume wala jike ili waongezeke. Mmoja hufyonza chakula kilichomzunguka, hurefuka, hunakili vinasaba vyake, kisha hujenga ukuta katikati ya mwili na kugawanyika kuwa wawili. Escherichia coli, anayeongoza kwa kusababisha maambukizi ya njia ya mkojo, akipata chakula tele na joto la nyuzi 37 huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, mmoja huwa zaidi ya milioni mbili ndani ya saa saba.

Mwendo huo haudumu, la sivyo dunia isingetutosha. Wakiingia mazingira mapya, bakteria hukaa kwanza bila kuongezeka, wakijiandaa kutumia chakula wasichokizoea. Baadaye huongezeka kwa kasi, mpaka chakula kipungue na taka zao zijae. Hapo idadi husimama, na hatimaye hushuka.

Dirishani, ambako joto ni pungufu kuliko la mwili, kasi huwa ndogo. Lakini chukulia kwamba wanajigawa mara moja tu kwa saa, na kwamba kila mililita ya mkojo ilikuwa na bakteria 1,000 waliotoka ngozini. Baada ya saa saba wamefika 128,000. Kiwango ambacho kwa miaka mingi kimechukuliwa kuwa dalili ya maambukizi ni 100,000 kwa mililita.

Maabara, mtaalamu huchovya kitanzi chembamba kinachobeba mikrolita moja ya mkojo, akaupaka juu ya aga, rojo iliyoganda itokanayo na mwani na kuchanganywa na virutubisho. Sahani hulazwa katika kabati la joto usiku kucha. Kila bakteria aliyetua peke yake huzaa kizazi kizima mahali pamoja, na asubuhi kizazi hicho huonekana kama kitone kiitwacho koloni. Kila koloni moja huhesabiwa kuwa bakteria 1,000 katika mililita. Kisha koloni hupandwa upya pamoja na vidonge vya karatasi vyenye dawa, ili ionekane ni dawa ipi inayowazuia kuota. Kazi hiyo huchukua usiku mwingine. Ndiyo maana majibu hayatoki siku hiyo hiyo. Vimelea vya kifua kikuu, ambao huhitaji karibu siku nzima kujigawa mara moja, husubiriwa kwa wiki kadhaa.

Kwa mjamzito, kosa la kichupa si dogo. Bakteria wa kweli katika mkojo wake, hata asipohisi maumivu, wanapaswa kutibiwa kwa sababu wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Bakteria waliozaliana dirishani humletea dawa asiyoihitaji, nayo huwazoesha usugu wale wanaoishi tumboni mwake.

Tiba ya tatizo hili ni rahisi: mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili, au uwekwe katika jokofu lenye nyuzi 4, ambako bakteria hawafi ila karibu wote huacha kujigawa, na unaweza kusubiri hadi saa 24. (Kanuni hii si ya kila sampuli. Maji ya uti wa mgongo hayawekwi jokofuni, kwani baadhi ya vimelea vya homa ya uti huuawa na baridi.)

Fomu ya maabara ina nafasi ya kuandika saa ambayo sampuli ilichukuliwa. Mara nyingi huachwa tupu, na mtaalamu anayehesabu koloni 128 asubuhi hana namna ya kujua kama zilitoka kwa mama au dirishani.