Friza ni Mchukuzi wa Joto

Saa nane mchana, gusa ubavu wa friza ndogo inayofanya kazi kwenye kibanda cha mabati pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Utautoa mkono upesi. Ndani mna soda, samaki na mifuko ya maji yaliyoganda. Nje ubavu una moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mwenye duka akihisi moto huo hudhani mashine imeharibika, akamwita fundi. Haijaharibika. Joto lile limetolewa kwenye samaki na maji, nalo linatafuta pa kwenda.

Friza haitengenezi baridi, kwa sababu baridi ni joto lililoondoka tu. Bibi zetu walilijua hilo kwa mtungi: maji hupenya udongo, hukauka juu yake, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na sehemu ya joto la maji yaliyobaki. Mwaka 1756 daktari wa Uskoti, William Cullen, alichapisha habari ya jaribio lake: alivuta hewa kutoka chombo chenye etha, etha ikawa mvuke kwa kasi, na maji yaliyoizunguka yakaganda. Friza ni mtungi huohuo, ila mvuke wake haupotei. Gesi iliyo kimiminika huchemka katika mabomba ya ndani na kulibeba joto la vyakula. Kompresa huibana mpaka iwe moto kuliko hewa ya chumba. Kisha, katika mabomba ya nyuma au yale yaliyofichwa mbavuni, hulitua joto hilo, hugeuka kimiminika na kurudi kazini.

Moto kuliko hewa ya chumba: hapo ndipo penye gharama. Sadi Carnot, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alionyesha mwaka 1824, akiwa na miaka 28, kwamba nguvu na joto vinafungamana kupitia pengo la nyuzijoto. Alikuwa akiwaza injini za mvuke. Kipindupindu kilimuua mwaka 1832, miaka 2 kabla Jacob Perkins hajapata hataza ya mashine ya kugandisha kwa kompresa, lakini hesabu ya Carnot ndiyo inayotawala friza ya kibandani leo.

Tuipige. Ndani ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Chumba kikiwa na nyuzi 25, pengo ni 43. Kikifika 40, pengo ni 58, yaani limekua kwa zaidi ya theluthi. Ongezeko hilo unalilipia mara mbili: joto linalopenya kuta za friza linazidi kwa theluthi, na kazi ya kuitoa kila chembe ya joto hilo nayo inazidi kwa theluthi. Zidisha, unapata mara 1.8. Hiyo ni kwa mashine isiyo na dosari hata moja, na mashine ya namna hiyo haijawahi kuuzwa dukani.

Linalonisikitisha ni kwamba nyuzi hizo 40 mara nyingi tunajiletea wenyewe. Mbarara, mji wa jirani, iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya wastani. Ila tunaziba veranda kwa vioo, tunaezeka mabati bila dari, kisha tunaiweka friza humo kwa kuwa ndipo penye nafasi. Jua la utosini huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Kompresa ndogo inayopambana na joto hilo hutumia kama wati 100 tu.

Huku kwetu karibu na ikweta, jua la adhuhuri hukaa juu sana mwaka mzima, na upenu mpana hulizuia. Linaloingia chini ya upenu ni jua la asubuhi na la alasiri. Basi, unapoiweka friza, epuka ukuta wa mashariki na wa magharibi. Acha kiganja cha nafasi nyuma na pembeni, na uondoe kile kitambaa kizuri ulichoifunika nacho, kwa maana umeivisha koti.

Wanaotumia sola wagandishe chupa za maji mchana na kujazia nafasi tupu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto la kutosha kupandisha kilo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Hiyo ni akiba ya usiku isiyohitaji betri.

Na kabla ya kununua, igeuze friza usome kibandiko. Herufi N maana yake imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Kama itakaa chini ya mabati, dai T.