Vumbi la Kiangazi na Land Rover ya Zamani

Mwenye Land Rover 109 anayepita barabara za vumbi za Mpanda wakati wa kiangazi hana budi kukagua chujio la hewa mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyoelekeza. Chujio hilo si la karatasi. Ni bakuli la oili ya injini inayonasa vumbi. Tope likijaa bakulini, vumbi hupenya na kusaga ringi za pistoni.

Kazi hii yaweza kufanyika nyumbani. Zima injini, iache ipoe, fungua bakuli, mimina oili chafu katika dumu, wala si mtaroni. Safisha kwa dizeli, kamwe si kwa petroli. Kausha, kisha jaza oili mpya hadi kwenye alama. Tunasisitiza isizidi: injini ya dizeli yaweza kuivuta ndani na kukimbia yenyewe, hata ufunguo ukizimwa.

Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji huwa nafuu, lakini mnunuzi hawezi kujua ilikotoka. Tunashauri ununue kopo ambalo kizibo chake hakijafunguliwa, lenye jina la mtengenezaji na daraja la oili, na udai risiti. Bila risiti, madai yako dhidi ya muuzaji yatakuwa magumu kuthibitisha.