Steringi wa Anime Ni Mtoto wa Nani? Hii Story ya "Bidii Tu" Iko na Mambo

Kama umemaliza hata anime tatu, lazima umeona ni kama story ni ile ile, imebadilishwa tu nywele. Kuna kijana wa miaka 15 hivi. Hana kitu. Wasee wanamcheka. Anapiga zoezi hadi anatema damu, halafu mwishowe anawapiga wale wote walimdharau. Ukiwa Karurumo huku Embu, umekaa kwa keja, umeshika hotspot ya jirani, hiyo story inakuingia vibaya ju ni kama ni wewe wanaongelea.

Leo tufungue hii kitu tuone imeundwaje. Onyo mapema: nitamwaga mtama. Kama bado hujamaliza Naruto, hiyo ni shauri yako.

Mbona zote zinafanana?

Nyingi za zile kali zilianza kama katuni za kuchorwa, yaani manga, kwa gazeti moja la Japani linaitwa Weekly Shonen Jump. Liko sokoni tangu 1968. Dragon Ball ilianzia hapo 1984, One Piece 1997, Naruto 1999, Bleach 2001, Demon Slayer 2016. Hilo gazeti linajulikana kwa maneno matatu: urafiki, bidii, ushindi. Sasa unaelewa mbona steringi akichapwa anakumbuka marafiki, anaamka, anashinda.

Kitu ingine, wasomaji hupiga kura. Story ikikosa kura inakatwa, na mwandishi anarudi kwao. So kila wiki lazima kitu kiwake. Hiyo inasaidia kueleza hizi:

Mashindano. Story ikianza kulala, ghafla kuna tournament. Wahusika kumi wapya, vita kila wiki, hakuna kusinzia.

Rival. Msee mtulivu, mwenye kipaji, wa familia kubwa, haongei sana na madem wanamzimia. Sasuke, Vegeta, Bakugo (huyu wa mwisho anaongea sana, lakini unanipata).

Mzazi amekufa ama amepotea. Gon wa Hunter x Hunter anaacha kwao kutafuta fathe. Tanjiro wa Demon Slayer anarudi home kutoka kuuza makaa anapata familia imeuawa, amebaki sista tu, na huyo sista amegeuka zimwi.

Kumbukumbu kabla ya kifo. Mhusika mdogo akianza kuonyeshwa vile alikuwa mtoto, anza kumwaga machozi mapema. Huyo haendi mbali.

Na steringi hafi. Sisi tulilelewa na muvi za DJ Afro, hii sheria tunaijua kuliko Katiba. Attack on Titan ilitushtua juu ya hiyo: kwa episodi ya tano tu, Eren anamezwa. Ndio, alirudi. Lakini Death Note haikubembeleza mtu. Light Yagami anaenda kwa episodi ya 37, na ndio imeisha hivyo.

Sasa kuja hapa

Swali ambalo kijana yeyote Kenya amewahi kuulizwa akitafuta kazi: "Kwani wewe ni mtoto wa nani?" Sasa uliza hao masteringi.

Naruto, yatima, hakuna mtu kijijini anamtaka. Baadaye inatoka kwamba fathe yake ni Minato, Hokage wa Nne, yaani alikuwa mkubwa wa kijiji chote. Na ndani ya tumbo amefungiwa mnyama wa mikia tisa.

Luffy wa One Piece, kijana wa kofia ya nyasi, anataka tu kuwa mfalme wa maharamia. Guka yake Garp ni mkubwa kwa jeshi la majini. Fathe yake Dragon ndiye kiongozi wa mapinduzi.

Ichigo wa Bleach, mwanafunzi wa high school tu. Fathe alikuwa kapteni wa wale washika roho.

Midoriya wa My Hero Academia alizaliwa bila nguvu kwa dunia ambapo karibu asilimia 80 ya watu wako nazo. Huyu si mtoto wa mkubwa, lakini shujaa nambari moja anakutana naye na kumpatia zake. Hiyo kwetu tunaita kushikwa mkono.

Hata Tanjiro wa makaa, ile ngoma ya moto fathe yake alikuwa anacheza kila mwaka inakuja kuwa ndio silaha yenyewe. Ilikuwa kwa familia tangu zamani.

Umeona? Hizi story zinakuuzia bidii, lakini huko nyuma kuna urithi umefichwa. Steringi anafanya kazi ngumu, hiyo siwezi kataa. Lakini mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo kabla hajafika.

Rock Lee ndio sisi

Kwa Naruto kuna jamaa mmoja hana mnyama, hana familia kubwa, hawezi hata zile jutsu za kawaida. Ni Rock Lee. Kila siku ni mangumi na mateke tu. Anakutana na Gaara, mtoto wa kiongozi wa kijiji cha mchanga, na ako na mnyama wake ndani. Lee anatoa uzito wa miguu, unaanguka chini vumbi inapanda. Ni moja ya vita safi kwa anime yote.

Na anapoteza. Gaara anamvunja mkono na mguu.

Hapo ndipo hii maneno inaacha kuwa katuni. Ukiwa huku kwetu, unaambiwa tangu class one kwamba ukitia bidii utafaulu. Halafu unaona msee alipata grade poa ako kwa stage anangoja abiria wa boda, na mwingine ameingia ofisi ju anko alipiga simu. Mimi mwenyewe college iliishia njiani, so wacha nikwambie bila kuzunguka: ukiamini bidii peke yake ndio inahitajika, siku ukianguka utajilaumu wewe tu. Utafikiri hukutia ya kutosha, na ukweli ni kwamba Lee alitia.

So tuache bidii? Zii. Angalia Lee tena. Akiwa chini hajiwezi, Gaara anataka kummaliza. Ni nani anaingia katikati? Mwalimu wake, Guy. Na Naruto kabla ajue fathe yake ni nani, ni nani alimwona kwanza? Iruka, ticha wa kawaida. Alimnunulia ramen.

Hii tunaijua Embu na Meru. December ikifika, vijana wanapashwa tohara, na hakuna mtu anaachwa kwa hiyo nyumba peke yake. Kuna mkubwa wa kumuangalia, kumfunza, kumwambia mambo ya utu uzima. Ile "training arc" unaona kwa anime ni hiyo hiyo: kijana, mahali pa kujitenga, na mtu mmoja ameshapita hiyo njia. Huwezi chagua kuwa mtoto wa Hokage. Lakini unaweza tafuta Guy wako, na kuna dogo mahali anangoja wewe uwe Iruka.

Na usifikirie ni watoto tu wanachukua hizi story serious. Mwaka wa 2025, bendera ya Luffy ilipepea kwa maandamano ya vijana Indonesia, Nepal na Madagascar. Wamalagasi hata walitoa kofia ya Luffy wakaweka kofia ya kwao.

Basi uangalie gani?

Kama unataka bidii bila fathe wa siri, enda Haikyuu. Ni voliboli. Hinata ni mfupi, anaruka sana, na timu yake hupoteza mechi kubwa kisha inarudi mazoezini. Kama wewe ni wa kuamka kuangalia Malkia Strikers, utaipenda.

Black Clover, episodi 170. Asta hana uchawi hata chembe. Anapiga kelele sana mwanzoni, vumilia.

Demon Slayer ni ya macho. Michoro ni moto, na Tanjiro hulilia hata adui anayemuua.

Naruto ni 220, ukiongeza Shippuden 500. Nyingi ni za kujaza tu, ruka bila huruma. Lakini vita ya Lee na Gaara, inaanza episodi ya 48, usiruke. Angalia mpaka Guy aingie.