Njiti ameongezeka kilo, mifupa je?

Njiti akirudishwa kliniki, kitu cha kwanza ni mizani. Kilo zikipanda, mama anatabasamu na nyumba nzima inapumua. Lakini mizani haipimi mifupa.

Mtoto hupokea takriban asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi, madini yanayojenga mifupa, katika miezi mitatu ya mwisho tumboni. Aliyezaliwa na wiki 28 ameondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Maziwa ya mama ndiyo bora kwake, asiachishwe, ila kwa mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 1.5 fosforasi iliyomo haitoshi kulipa deni hilo.

Ugumu uko kwenye muda. Mifupa kulainika hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaliwa, na kufikia hapo wengi wamesharuhusiwa. Mama aliyelazwa Morogoro mjini yuko kwao Mgeta au Kinole, na kushuka Uluguru wakati wa masika si jambo dogo. Mtoto ananyonya, ananenepa, haonyeshi dalili, kumbe ubavu wake unaweza kuvunjika kwa kushikwa tu.

Kinachowahi kugundua ni damu. Daktari huangalia kama fosforasi imeshuka na kama kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatesi kimepanda, kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6. Kalsiamu peke yake hudanganya, kwa sababu mwili huichota kwenye mifupa ili ya kwenye damu isipungue. Eksirei nayo huchelewa: huonyesha tatizo mfupa ukishapoteza asilimia 20 hadi 40 ya madini.

Basi kabla ya kutoka wodini uliza: mwanangu atapimwa damu ya mifupa lini, na wapi? Uliza pia matone ya vitamini D. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa uzito huu wapewe yuniti 400 hadi 1,000 kwa siku mpaka miezi 6. Dozi apange daktari, si muuza duka la dawa. Na kwa baridi ya Mgeta, usimfunue njiti kutafuta jua.

Neno kwa bibi, kwa heshima: kumkanda na kumnyoosha viungo kwa nguvu kusubiri. Wakati wa kumbadilisha nepi, mwinueni kwa kumshika makalio, si vifundo vya miguu. Akilia kila anapoguswa mkono au mguu, au kiungo kikivimba, msingoje tarehe ya kliniki.