Udi Kwanza, Tepu Baadaye

Majirani walidhani ni uganga. Mchana wa jua kali, katika nyumba moja ya Kigamboni ambayo jikoni kwake pamebomolewa na kubaki tofali tupu na nyaya zinazoning'inia, mwanamume wa makamo alikuwa amechuchumaa na chetezo. Akatia kaa la moto, akadondosha udi, akakisogeza chetezo chini ya dirisha la upande wa bahari, kisha akanyamaza akiutazama moshi. Mama mwenye nyumba, aliyemwita aje kupima kabati, alisimama mlangoni asijue acheke au amkemee.

"Mama, jiko la gesi unataka likae hapa?"

"Hapo hapo fundi, chini ya dirisha. Nimeona kwenye picha, panapendeza."

Moshi haukupanda. Ulilala ubavu, ukashika korido na kwenda kuwasalimu waliokaa sebuleni.

"Basi na moto wako utalala hivi hivi."

Nilikuwa nimefika mtaa ule kufuatilia habari ya maji, wala majiko hayakuwamo akilini mwangu. Lakini moshi ule ulinizuia kuondoka.

Fundi huyu alianza kama seremala wa kabati, kazi ikamvuta mpaka kwenye kuta na madirisha. Tepu anayo kiunoni, ila anasema inajua urefu tu. "Tepu haijui upepo. Udi unajua." Alfajiri upepo hutoka bara, jua likishapanda, bahari inachukua zamu. Ndiyo maana hufukiza asubuhi na mchana kabla hajakubali mahali pa jiko. Hata hapo huwa hajamaliza, kwa sababu pwani ina miezi ya kaskazi na miezi ya kusi.

"Nikikujengea Januari bila kuuliza kusi itaingilia wapi, Juni utanipigia simu. Utasema jiko bovu, wali unaiva upande mmoja. Jiko zima, mama. Upepo ndio unaosukuma moto pembeni ya sufuria."

Mbaya zaidi ni moto kuzimika kabisa, gesi ikaendelea kutoka wakati mpishi yuko uani anaanika nguo. Anapofika hapo utani wake huisha. Watu wanaamini dirisha likiwa wazi, gesi iliyovuja itajitokea. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Huzama, hutambaa sakafuni, hujikusanya ndani ya kabati la chini, na mara nyingi ndimo mtungi ulimofichwa ili usiharibu mandhari. Dirisha lililoanzia mita moja juu ya sakafu haliifikii. Anachodai ni mtungi ukae nje kivulini, bomba lipenye ukutani, na tundu la hewa liachwe usawa wa sakafu. Wenye nyumba hukubali la mtungi na kuligomea la tundu, wakihofia panya. Kwa panya hana dawa zaidi ya wavu wa chuma.

Kuhusu dirisha lenyewe, ana ugomvi wa siku nyingi na aluminiamu za kusukuma. Unalipia futi nne kwa nne, unapata hewa ya futi mbili kwa nne, maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Ukishaweka na wavu wa mbu, hewa inazidi kupungua. Shauri lake ni sinki likae chini ya dirisha, penye mwanga na karibu na bomba la maji. Jiko lihamie ukuta wa pembeni, na ukuta unaotazamana na dirisha utobolewe juu ili mvuke upate pa kutokea.

Serikali imepanga kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mitungi imeshaingia kwenye nyumba nyingi, lakini vyumba vilivyoipokea vilichorwa na watu waliodhani moto utabaki uani.

Kisha fundi akaomba sufuria. Alitaka ya pilau la sikukuu, ya maharage, ya ugali, na kikaango. Kwa chaki akachora sakafuni mraba wa sentimita 60 kwa 60, ukubwa wa jiko la plati nne linalojaa madukani, akatia alama nne za moto. Sufuria ya maharage, yenye upana wa sentimita 32, ilipokaa kwenye alama yake ikavuka mpaka. Ya ugali ikasukumwa nje ya mstari. Mama akainama, akazihamisha huku na huku, mwisho zikatosha mbili kubwa kwa mshazari, na kando pakabaki nafasi ya birika.

"Plati nne ni za dukani," fundi akasema. "Za kwako ni mbili na nusu."

"Ndiyo maana nimenunua la tisini!" Boksi lilikuwa sebuleni, halijafunguliwa.

Fundi akachora la pili, sentimita 90. Moto wa tano, ule mkubwa wa katikati, ukalipokea sufuria la pilau bila shida, mama akatabasamu. Tabasamu halikudumu. Ukuta wa pembeni una sentimita 240, na friji inachukua 70. Kwa jiko la 60 zingebaki 110 za kufanyia kazi. Kwa la 90 zinabaki 80, nazo zigawanywe kulia na kushoto. "Sufuria ya moto inahitaji pa kutua pande zote mbili. Vitunguu unakatia wapi?" Oveni kubwa inayokuja na jiko hilo haimvutii. Anasema ukizifungua nyingi ya alizowahi kufunga, utakuta zimehifadhi sufuria.

Kilichobaki kilikuwa kimo. Akapanga tofali hadi sentimita 90, akaweka juu sufuria ya ugali, akamwita binti anayepika nyumbani hapo, akampa mwiko.

"Songa."

Binti akashika. Viwiko vikapanda juu kuliko mabega, mwiko ukaelea. Akacheka, akasema yeye huchemshia maji jikoni, lakini ugali ukianza kushika huiteremsha sufuria sakafuni, akaibana kwa miguu.

"Kila siku?" mama akauliza.

"Kila siku, mama. Na maharage napikia mkaa nje, gesi isiishe."

Fundi angeweza kushusha kaunta na kuzamisha plati kwa kimo cha anayesonga. Lakini jiko la kusimama huja na kimo chake kutoka kiwandani, na risiti mkononi mwa mama ilikuwa na yale maneno ya chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Akapendekeza kijukwaa cha mbao mbele ya jiko. Mama akamkatalia: mtoto akijikwaa pale na uji wa moto, nani atajibu?

Nikamuuliza fundi kwa nini hakumpima binti tangu mwanzo. Hakukasirika. "Mimi nalipwa na mwenye nyumba. Anayesonga huwa siletewi."

Ikabaki hesabu ya kibanda cha mkaa uani. Kama maharage yataendelea kuiva huko, kinahitaji paa, sakafu na mahali pa kuwekea maji, na hakimo kwenye bajeti ya ukarabati. Mama alitaka kujua kitagharimu kiasi gani. Fundi akamuuliza kwanza kama ana hakika anataka kukijenga, maana akikijenga vizuri, jiko la ndani atalitumia nani?