Ukakasi Si Uchachu

Kila ninapommiminia mtu glasi yake ya kwanza ya divai nyekundu ya Madiran, nasikia neno lilelile: "Hii imechacha." Haijachacha. Divai iliyochacha hunuka siki na hujaza mate mdomoni. Hii hukausha: ulimi unakwaruza kaakaa, fizi zinakazana. Hali hiyo Kiswahili kina jina lake, ukakasi.

Nilikusudia sura hii ianzie machoni, ipitie puani, ndipo ishuke mdomoni. Lakini wengi hukwama kwenye ukakasi, basi tuanze hapo.

Ukakasi si ladha, ni mguso. Aliyeng'ata bibo au ndizi mbichi anaujua. Huletwa na tanini iliyomo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Tanini hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi. Tannat, zabibu kuu ya Madiran huko kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrénées, ina tanini nyingi mno.

Asiyeamini na apike chai ya rangi, vijiko viwili vya majani kwa kikombe kimoja, ayaache dakika kumi. Aionje bila sukari, aizungushe mdomoni. Mashavu yatavutika ndani. Sasa atie maziwa mengi, aonje tena. Ukakasi umelegea! Majani ni yaleyale, ila tanini imepata protini za maziwa za kushikana nazo, ikayapunguzia mate mzigo. Ndiyo sababu watu wa Gascogne, eneo la Madiran, huinywa divai hii kwa bata aliyeiva polepole ndani ya mafuta yake. Nyama na mafuta huutuliza ukakasi, nayo divai huondoa ule utando wa mafuta mdomoni. Ukiionja kavu, bila chakula, umeionja nusu.

Sasa turudi machoni. Michirizi inayoteremka kwenye glasi ya divai haipimi ubora hata kidogo. Ni kazi ya kileo kinachogeuka mvuke haraka kuliko maji. Mwanasayansi James Thomson alilieleza jambo hilo mwaka 1855, na bado watu wanaisomea glasi kama ramli. Tena "joto la chumba" linaloshauriwa kwa divai nyekundu si la chumba cha Dar es Salaam. Nyuzi 16 hadi 18 zatosha, kwa hiyo itie kwenye friji kidogo. Wala kuzibua chupa na kuiacha wima hakusaidii kuipa divai hewa, maana hewa huigusa kwa upana wa shingo tu. Imimine yote kwenye jagi, ngoja saa nzima, kisha onja tena ile uliyosema imechacha.